Aliyesimama na Glasi Mkononi

Zambeta alitembea mbele, kwa sababu njia ilikuwa ya kwao na kwa sababu hakutaka Stathis auone uso wake.

"Unakimbia," Stathis alisema nyuma yake.

"Natembea. Wewe ndiye umezoea lifti."

Stathis alicheka huku akihema. Alikuwa fundi wa lifti mjini Thesaloniki. Mwaka mzima alipanda na kushuka maghorofa ya watu ndani ya masanduku ya chuma, na kila kiangazi alikuja kisiwani kutembea kwa miguu, kula chakula cha Zambeta na kunywa divai yake. Likizo ya kwanza alikuja na kundi la watembezi waliopanga vyumba vyote vya nyumba ya Zambeta, pale juu ya shamba la mizabibu. Ya pili alikuja peke yake. Hii ya tatu alikuja na shati jipya, ndevu amenyoa, na wanawake wa kijiji wakajua shida yake kabla hajafungua begi.

Punda alikuwa katikati yao, amebeba madumu mawili ya divai. Ibada ya Mtakatifu Marina ilikuwa imekwisha asubuhi ile katika kanisa dogo la mlimani, na watu walikuwa wanajiandaa kula, ndipo Nikiforos, mwenyeji wa sikukuu ya mwaka huu, alipofungua pipa lake na kukuta limechacha. Aliona haya, lakini alimwomba shemeji yake Zambeta ashuke nyumbani akalete divai yake. Stathis alijitolea kumsaidia. Hakuna aliyemwomba.

Walipofika penye ukuta wa mawe uliokuwa na kivuli, Zambeta alimsimamisha punda. Alifungua kitambaa akatoa mkate, kipande cha jibini la mbuzi na tini mbichi, akamimina divai kidogo katika kikombe cha bati. Wakala wamesimama, bahari ikiwa chini yao kama shuka iliyotandikwa vizuri.

"Divai hii ni ya mizabibu ya chini," Stathis alisema. "Ya juu ni kali zaidi."

"Umeanza kujua."

"Nimejua mengi. Nimejua unatia chumvi kwenye dengu mwishoni, si mwanzoni. Nimejua ukikasirika unafagia ua ambao umekwisha kufagiwa. Kitu kimoja tu sijui." Alimrudishia kikombe. "Kesho mchana napanda boti, Zambeta. Nataka jibu langu."

"Nilikuambia tusubiri sikukuu ipite."

"Mwaka jana ulisema tusubiri zabibu zivunwe. Zikavunwa. Kwenye simu ukasema tusubiri Kwaresima iishe. Ikaisha, watu wakala Pasaka." Hakupandisha sauti. "Mimi ni mtu wa lifti. Lifti ikikwama kati ya ghorofa mbili, waliomo hawahamii humo na kuweka mapazia. Ama ipande, ama ishuke."

Zambeta alikunja kitambaa, akakikunja tena.

"Sirudi hapa tena kama mgeni," Stathis aliendelea. "Nikirudi, nirudi kwako. La sivyo nitatafuta kisiwa kingine cha kutembelea, na nitakula vibaya maisha yangu yote. Ni hilo tu."

Alikuwa akimwangalia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua na anayengoja mwenzake amfikie. Zambeta aliyatazama muda mrefu kuliko alivyokusudia. Tangu mumewe Markos azikwe hakuna mwanamume aliyemwangalia hivyo, au labda walimwangalia, ila yeye alikuwa ameinamia sufuria. Binti yake Irini, anayesoma mjini Patra, alikuwa amemwambia kwenye simu, "Mama, olewa na huyo bwana nipumzike kukuwaza." Irini hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa juu mlimani, mbele ya chungu cha dengu, limevaa nyeusi.

"Twende," alisema. "Watu wana kiu."

* * *

"Zambeta, umechelewa," mwanamke mmoja alimpokea kwenye ua wa kanisa. "Njia imerefuka siku hizi?"

"Punda alikuwa na mawazo."

"Punda yupi?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Zambeta naye alitaka kucheka, lakini aliona macho ya mama mkwe wake. Bibi Kaliopi alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, fimbo kati ya magoti.

"Funga kitambaa chako vizuri," alisema. "Nywele zinaonekana."

"Kuna joto, mama."

"Markos yuko chini ya mawe. Yeye halalamiki joto."

Zambeta alifunga kitambaa. Aliingia kwenye kibanda cha kupikia, ambako vyungu vya dengu vilivyolala tanurini usiku mzima vilikuwa vinafunguliwa, mvuke ukitoka na harufu ya kitunguu na mafuta ya zeituni. Nikiforos alikuwa anakata nyama ya mbuzi, aproni imejaa damu. Alikuwa mdogo wake Markos, mtoto wa baba yake mdogo, mtu mwenye moyo mzuri na mdomo mpana.

"Shemeji, asante kwa divai," alisema. "Sasa nikuulize. Yale yanayosemwa ni kweli?"

"Yanasemwa mengi. Mengine ni kuhusu pipa lako."

"Usinikwepe. Mtu wa bara. Ameachana na mke. Hana hata kaburi moja katika kisiwa hiki."

"Sitafuti mtu wa kuzikwa naye, Nikiforos."

"Mizabibu ile aliipanda ndugu yangu."

"Na anayeipogoa ni nani?"

"Mimi si nilikusaidia?"

"Ulikuja siku moja. Ukakata tawi lenye zabibu na ncha ya kidole chako. Nikakufunga kidole, nikafanya kazi yote mwenyewe."

Nikiforos alikitazama kidole. "Bibi Kaliopi hatavumilia," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo alizaa mmoja akamzika. Wewe ndiye kipande chake kilichobaki. Ukiolewa, atakuwa amemzika mara mbili. Fikiri hilo."

Hakulisema kwa ubaya, ndiyo maana lilimchoma. Zambeta aliinua chungu kwa vitambaa viwili na kutoka nacho nje. Kwa miaka yote hiyo hilo ndilo alilokuwa akilifikiri, kila asubuhi, akipeleka kahawa chumba cha chini, chenye mlango wake wa pembeni, ambako mama mkwe wake aliishi. Alikuwa amelifikiri mpaka likachakaa.

Watu wakakaa kwenye meza ndefu za mawe. Wakala dengu, wakala nyama, wakavunja jibini kwa mikono na kuchovya mkate kwenye mafuta. Stathis alikuwa amewekwa kati ya Padri Anthimos na Lambros mwokaji mikate, ng'ambo ya meza, mkabala na Zambeta. Alikula kama anavyotembea, polepole na bila kuacha kitu nyuma.

"Kula, bwana," Nikiforos alimwambia akipita na jagi. "Kesho utakula mkate mkavu wa kwenye boti."

"Nitaubebea dengu hizi."

"Dengu haziruhusiwi kuondoka kisiwani."

"Basi ndiyo sababu nimeshindwa kuondoka."

Watu wakacheka, hata padri. Zambeta alishusha macho kwenye sahani yake. Bibi Kaliopi hakucheka. Alitia chumvi kwenye chakula ambacho tayari kilikuwa na chumvi.

Chakula kilipokwisha kuliwa, Nikiforos alisimama mbele ya picha ya Mtakatifu Marina, iliyokuwa imeegeshwa kwenye kiti kilichofunikwa shuka nyeupe. Mwaka mzima ilikuwa imekaa nyumbani kwake, taa ikiwaka mbele yake usiku na mchana, na leo alikuwa amelisha kila aliyepanda mlima. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Alichukua jagi tupu, akaligeuza kifudifudi juu ya meza.

Pale kisiwani hata mtoto anajua maana yake. Jagi likishageuzwa, atakayesimama wa kwanza na glasi iliyojaa amemwomba Mtakatifu Marina aje kukaa kwake. Hakuna hotuba. Kwa kawaida mambo hupangwa mapema, na mwaka huu ilikuwa zamu ya Lambros mwokaji mikate. Lambros alikuwa ameshika glasi mkono mmoja, lakini mkono mwingine ulikuwa na mfupa, na mfupa ulikuwa na nyama nzuri, akasema moyoni amalizie tonge hilo.

Stathis alikuwa hajawahi kufika kwenye sikukuu hii. Miaka iliyotangulia alikuja baada ya siku ya Mtakatifu Marina kupita. Na Zambeta, aliyemfundisha njia zote, visima vyote na mbwa wote wa kuogopa, hakuwa amekumbuka kumweleza habari ya jagi.

Stathis aliona chakula kimekwisha. Kwao, mgeni aliyeshiba hushukuru. Akasimama, glasi imejaa hadi ukingoni.

"Nataka kunywa kwa afya ya mikono iliyopika," alisema.

Akanywa.

Lambros alikuwa amenyanyuka nusu, makalio yakielea juu ya benchi, mfupa mdomoni.

"Nimekosea nini?" Stathis aliuliza.

"Hukukosea, bwana," Nikiforos alisema haraka. "Kaa tu. Hukujua. Lambros, simama basi."

"Kusimama amesimama yeye kwanza," alisema Padri Anthimos, akifuta ndevu.

"Baba, huyu ni mgeni."

"Mtakatifu naye alikuwa mgeni. Mimi nasema nilichokiona."

Maneno yakaanza kutoka kila upande. Wengine walisema isihesabiwe, wengine walisema haijawahi kutokea jagi kurudiwa, mwanamke mmoja akamwambia Lambros kwamba tumbo lake siku moja litamkosesha na mbingu. Padri aliinua mkono, akamweleza Stathis kwa maneno machache kitu alichokifanya.

Stathis alisikiliza mpaka mwisho. Hakukaa.

"Nikikaa itakuwaje?"

"Hakuna kitu. Utakuwa mgeni aliyesimama vibaya. Tutacheka mpaka Krismasi."

"Na nisipokaa?"

"Utahitaji nyumba. Picha haikai kwenye chumba cha kupanga, wala haivuki bahari."

Stathis aliitazama picha, kisha akageuka akamtazama Zambeta. Hayakuwa macho ya kuomba. Alikuwa ameomba penye ukuta wa mawe, na alikwisha kusema hatarudi tena kama mgeni.

"Sina nyumba hapa," aliwaambia watu wote. "Kwa hiyo neno lililobaki si langu."

Akabaki amesimama, glasi tupu mkononi.

Zambeta alihisi uso wa kila mtu ukigeuka kama alizeti. Aliweza kukaa kimya. Ingekuwa rahisi kabisa. Stathis angesimama pale kidogo zaidi, kisha angekaa, Lambros angemeza tonge lake, na kesho boti ingetoa king'ora na yeye angefagia ua. Aliona ua huo. Aliona ufagio. Akachukua jagi lililokuwa karibu yake, akajaza glasi yake mwenyewe.

"Shemeji," Nikiforos alisema.

Zambeta alisimama.

"Picha itakuja kwangu."

Nikiforos alishusha pumzi. "Sawa. Ni vizuri. Mjane anaweza kuichukua peke yake, imewahi kutokea. Basi limekwisha, watu wangu..."

"Sikusema peke yangu."

Zambeta alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka imetulia, kama anapowaambia wageni saa ya chakula.

"Nyumba ile nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake, kama nyumba zote za hapa. Hakuna mwanamume aliyeijenga wala atakayenifungia mlango wake. Mtakatifu Marina atakaa kwangu. Stathis naye atakaa kwangu. Padri atatufungisha ndoa kabla ya mavuno, ili asiwepo wa kusema picha imewekwa mahali pasipofaa. Mwenye neno aseme leo, nimesimama na nimeshiba. Kesho nitakuwa na kazi."

Akanywa glasi yote.

Stathis alikuwa na sura ya mtu ambaye lifti imemfungulia mlango kwenye ghorofa asiyoitarajia.

Fimbo iligonga jiwe. Bibi Kaliopi alikuwa amesimama.

"Wewe," alimwambia Stathis. "Unajua kuloweka dengu?"

"Sijui, mama."

"Nani amekuambia mimi ni mama yako?" Alimtazama kuanzia viatu. "Kisiwa kizima kitakuja kula kwako, na hujui kuloweka dengu." Akamgeukia Zambeta, na macho yake yalikuwa yamelowa na makali. "Nitaisindikiza picha mpaka mlangoni. Ni kwa heshima ya Mtakatifu. Ndani siingii. Mlango wangu ninao."

"Sawa, mama," Zambeta alisema. Moyo ulimuuma, lakini hakukaa chini.

* * *

Walishuka mlima jua likiwa bado juu. Stathis alibeba picha kifuani, imefungwa shuka nyeupe. Bibi Kaliopi alikuwa nyuma yake na taa ndogo, kiganja kikizuia upepo.

"Usimwinamishe."

"Simwinamishi."

"Unamwinamisha. Bega la kushoto."

Njia nzima ilikuwa hivyo. Kengele za mbuzi zililia mabondeni, zaatari ilinukia chini ya viatu vyao, na Zambeta akimwongoza punda alisikia ugomvi ule mdogo kama mtu anavyosikia mvua baada ya kiangazi. Mama mkwe wake hakuwa amezungumza maneno mengi hivyo na mtu yeyote tangu msiba.

Mlangoni watu wakasimama. Bibi Kaliopi alimpa Zambeta taa na kurudi nyuma hatua moja, kama alivyoahidi.

Stathis aliingia na picha. Sebule aliijua, alikuwa amekunywa kahawa pale asubuhi nyingi. Alijua pia, kama kila mtu, kwamba picha takatifu hukaa ukuta wa mashariki. Ukuta wa mashariki ulikuwa na msumari mmoja, na kwenye msumari ule ilining'inia picha ya Markos, amevaa shati la harusi, anacheka na jua machoni.

Stathis aliitazama. Kisha akageuka, akaenda ukuta wa dirishani na kuanza kupapasa kutafuta mahali.

"Si hapo," Bibi Kaliopi alisema kutoka nje.

"Najua, bibi."

"Kama unajua, unafanya nini huko?"

"Pale pana mwenyewe," Stathis alisema. "Mimi sikuja kumtoa mtu."

Zambeta alishika taa kwa mikono miwili. Angeweza kuitoa picha ya Markos yeye. Ilikuwa haki yake, na mezani alikuwa amesema makubwa kuliko hayo. Lakini mkono wake haukunyanyuka.

Fimbo iligonga kizingiti. Bibi Kaliopi aliingia, bila kumwangalia yeyote. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akanyoosha mikono yake mifupi, na Stathis alipotaka kumsaidia alimkemea kwa kidole. Aliishusha picha ya mwanawe. Alikihemea kioo chake, akakifuta kwa mkono wa gauni lake jeusi, akaitazama.

"Ukuta huu una jua kali mchana," alisema. "Limeanza kumpausha. Huku chini kwangu kuna kivuli. Atakaa na mimi, ni mwanangu." Aliipachika kwapani. "Sasa mweke Mtakatifu. Wima."

Stathis aliiweka wima. Zambeta aliwasha taa ya ukutani kutoka kwenye ile ndogo, na Stathis akaizungushia viganja vyake kuzuia upepo, ingawa humo ndani hapakuwa na upepo wowote.

Bibi Kaliopi alikuwa amefika mlangoni. "Na kitambaa hicho," alisema bila kugeuka, "kivue, utapata maradhi ya joto."

Watu walipokwisha kuondoka, Zambeta alikaa kwenye benchi la jikoni, kichwa wazi, nywele zimemshukia mabegani. Stathis alisimama kando ya meza kama mgeni asiyejua aketi wapi.

"Kesho napanda boti," alisema. "Sharti nikaage kazini, nikabidhi funguo."

"Panda. Urudi kabla zabibu hazijaiva."

"Nirudi kama nani?"

Zambeta alinyanyuka. Alishusha chungu kikubwa kutoka rafuni, akafungua gunia la dengu, akalisogeza mbele yake.

"Kama mtu anayejua kuloweka," alisema. "Osha mikono."